Ardhi Waliyoiita Mbaya

Kusini-magharibi mwa South Dakota, Marekani, kuna nchi ya vilima vilivyochongoka, kingo kali na mabonde makavu ambayo Walakota waliiita mako sica, yaani ardhi mbaya. Maji ya kunywa ni shida, jua halina pa kukwepea, na mvua ikinyesha udongo unageuka utelezi mtupu. Wafaransa waliopita huko wakisaka ngozi za wanyama walisema jambo lilelile kwa urefu zaidi: ardhi mbaya kuipita. Kiingereza kikabaki na nusu ya kwanza, kikaiandika Badlands kwenye ramani, halafu wanajiolojia wakalifanya neno la kawaida. Siku hizi popote duniani penye udongo laini uliochanwachanwa na maji hadi hapaoti kitu panaitwa kwa jina hilo.

Nusu iliyodondoka njiani ndiyo yenye maana. Ardhi ile ilikuwa mbaya kuipita, mbaya kwa mtu mwenye farasi, mizigo na haraka ya kufika ng'ambo. Ukiondoa kitenzi, ubaya unaihamia ardhi yenyewe na kuwa tabia yake.

Ardhi hizi nazipenda tangu zamani, kwa hiyo msomaji ajue nina upande. Naona jina hilo limeleta madhara mawili yanayopingana. Limewafanya watu waidharau ardhi isiyo na kosa wala maradhi, ambayo haitudai chochote zaidi ya kuachwa. Wakati huohuo limewazoesha wengine kuiona ardhi iliyojeruhiwa na binadamu juzijuzi kuwa ni kazi ya Mungu, wakati ingeweza kupona ikishughulikiwa. Zote mbili zinaonekana sawa kwenye picha. Kwa Kiswahili tuna makorongo, neno lisilomlaumu mtu, na hilo ndilo nitakalotumia.

Tuanze na yale ya asili. Yanahitaji vitu vichache tu: tabaka nene za mashapo laini (tope la ziwa la kale, majivu ya volkano, mchanga usioshikana vizuri), mto ulioshuka chini na kuuacha mteremko mkali nyuma yake, na mvua chache zinazokuja kwa fujo. South Dakota tabaka hizo zilijilundika kati ya miaka milioni 75 na milioni 28 iliyopita, lakini kuchongwa kwake ni jambo la juzi kwa kipimo cha miamba: kulianza miaka kama 500,000 iliyopita, na bado kunaendelea kwa wastani wa sentimita mbili na nusu kila mwaka. Kwa mwendo huo, baada ya miaka 500,000 mingine hakutakuwa na kilima hata kimoja.

Inama, sogeza uso karibu na ardhi, uone kazi inavyofanyika. Mfinyanzi mkavu umevimba na kupasukapasuka, juu umejaa vibonge vyepesi kama bisi, na ukivikanyaga vinasagika. Udongo huo una madini yanayofyonza maji na kutanuka, kisha yakikauka yanasinyaa. Mche unaojaribu kuota hapo unavutwa huku na huku kabla haujashika mzizi. Mvua ya kwanza haitiririki juu, inazama ndani ya nyufa. Huko chini inapata njia, inaipanua, inachimba mrija uliofichika, na siku paa la mrija huo likiporomoka linatokea korongo pahali ambapo jana palikuwa pazima. Udongo ukiwa na sodiamu nyingi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu chembe zake zinaachana zenyewe zinapoguswa na maji.

Halafu tazama kokoto. Baada ya mvua kubwa utaona nyingi zimesimama, kila moja juu ya kinguzo chake cha udongo kisichozidi kimo cha ukucha. Matone yamepiga na kusomba udongo wote wa kando, ule ulio chini ya kokoto ukasalimika. Ukishaelewa hicho kinguzo umeelewa nusu ya maumbo yote ya ajabu ya nchi hizi. Nguzo za Isimila, karibu na Iringa, zinazompita mtu mara kadhaa kwa urefu, zimesimama kwa kanuni ileile: kigumu juu kinakilinda kilaini chini, na siku kofia ikianguka, nguzo haina maisha marefu.

Watu wengi wanadhani ukame ndio unaochonga. Ukame mtupu hauna nguvu hiyo, kinachochonga ni maji. Mwaka 1958 watafiti Walter Langbein na Stanley Schumm walilinganisha takwimu za mito ya Marekani wakaona kwamba mashapo mengi zaidi hubebwa pale mvua, ikishapimwa pamoja na joto la mahali, inapofika karibu milimita 300 kwa mwaka. Ikipungua hapo, maji ya kusomba hayatoshi. Ikizidi, nyasi na miti vinaufunika udongo. Katikati ndipo pabaya, ambapo mvua inatosha kubomoa lakini haitoshi kuvalisha. Miaka miwili kabla, Schumm huyohuyo alikuwa amechapisha utafiti kutoka Perth Amboy, New Jersey, jimbo lisilo na upungufu wa mvua. Huko alikuta makorongo kamili, yenye kingo na vijito vyake, yakiwa yamejichonga kwenye kifusi cha mfinyanzi na mchanga kilichomwagwa na watu. Eneo lenyewe lilikuwa dogo sana, akaweza kupima mteremko mmoja baada ya mwingine ukibadilika. Kwangu mimi huo ni miongoni mwa utafiti mzuri kabisa katika fani hii, maana unaonyesha kwamba udongo laini ukiachwa uchi kwenye mteremko, hata penye neema ya mvua, utafanya vilevile.

Sasa niseme kwa nini nazipenda.

Ardhi yenye nyasi na misitu inaficha historia yake. Makorongo yanaianika. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu asili ya binadamu kimetoka kwenye ardhi ambazo mpita njia angeziita mbaya. Oldupai ni bonde lililokatwa na maji karibu mita 90 kwenda chini, kupitia majivu ya volkano na tope la ziwa lililokauka zamani, na humo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu la umri wa miaka kama milioni 1.75. Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, mifupa ya yule anayeitwa Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ilionekana kwenye mteremko wa korongo. Isimila yenyewe ilichimbwa mwaka 1957 na 1958 na kikosi cha Clark Howell, na mashoka ya mawe yalikuwa yanatoka ardhini kwa wingi kwa sababu mvua ilishafanya kazi kubwa kabla hawajafika.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni Kamoya Kimeu wa Kenya, msaka mifupa ya kale, aliyefariki mwaka 2022. Mwaka 1964 aliona taya la kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kati ya kokoto za lava. Kipande kilikuwa na rangi ya kokoto zenyewe. Kutoka hapo yalipatikana mabaki ya karibu kiunzi kizima cha mvulana wa Homo erectus, aina ya binadamu wa kale, aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Jaribu kupata picha ya kazi hiyo: joto la Turkana, mteremko uliojaa mawe meusi, na mtu anatembea polepole akisoma ardhi. Kwa mtu wa namna hiyo hapakuwa na ukiwa. Kila mvua inafunua jambo jipya, na inaharibu pia, kwa sababu mfupa uliotoka nje usipookotwa unasagika. Ndiyo maana watafiti wanarudi kwenye miteremko ileile mwaka baada ya mwaka.

Sasa angalia jina baya lilivyorahisisha mambo. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilihitaji mahali pa kufundishia marubani kupiga mabomu na risasi. Ikachukua zaidi ya ekari 340,000 za ardhi ya Waoglala Lakota katika hifadhi yao ya Pine Ridge, sehemu yake ikiwa makorongo yaleyale ya South Dakota. Familia 125 zilihamishwa kutoka kwenye mashamba yao. Mabodi ya magari makuukuu yaliwekwa yawe shabaha. Sehemu ya ardhi hiyo leo ni upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Badlands, na mabomu ambayo hayakulipuka bado yako ardhini. Nchini Hispania, makorongo ya Bardenas Reales huko Navarra yana uwanja wa mazoezi ya ndege za kivita tangu mwaka 1951. Sidai kwamba jina ndilo lililoangusha mabomu. Nasema kwamba ardhi iliyokwisha kuitwa mbaya haina wa kuitetea, na aliyeizoea, anayejua chemchemi yake iko wapi na nyasi zinaota bonde gani, haulizwi.

Linganisha na Marafa, nyuma ya Malindi. Watalii wanaonyeshwa bonde hilo la rangi nyekundu, ya waridi na nyeupe kwa jina la jiko la jehanamu. Wagiriama wenyewe wanapaita Nyari, na maana inayotolewa ni mahali palipopasuka penyewe. Kipo pia kisa cha familia tajiri iliyokuwa ikiogea maziwa hadi Mungu akaizamisha. Hata katika kisa hicho, mwenye kosa ni watu. Ardhi imepasuka tu, haikutukanwa.

Nije kwenye makorongo ya namna ya pili, yale tuliyoyasababisha sisi.

Kuyatofautisha na ya asili si kazi ngumu ukijua pa kuangalia. Tafuta mizizi. Mti uliosimama ukingoni huku nusu ya mizizi yake ikining'inia hewani uliota kabla korongo halijafika, kwa hiyo korongo hapo halina umri kuuzidi mti. Tazama kichwa cha korongo, kule juu linakoanzia: kama nyasi na udongo mweusi wa shamba vinaning'inia ukingoni na vipande vyake vibichi vimelala chini, korongo linapanda, na msimu ujao litakuwa limesogea. Tazama chini, kwenye mashamba ya bondeni, kama mchanga mweupe umefunika udongo wa kulimia. Uliza wazee walikuwa wanavukia wapi. Mara nyingi utaambiwa kwamba hapo palikuwa na njia ya ng'ombe, ikachimbika, maji yakaifuata. Nimewahi kuona korongo refu la kutisha ambalo kichwa chake kilikuwa chini ya kalavati la barabara. Maji yote yaliyokuwa yakisambaa kwenye kilima yamekusanywa na mtaro, yakatolewa kwa mdomo mmoja juu ya shamba la mtu. Hapo hapahitaji miaka milioni, misimu michache inatosha. Makorongo haya yana historia, yana sababu, na kwa kawaida yana mtu anayeumia bila kuwa yeye aliyeyaanzisha.

Hapo pia jina baya lina hatari yake. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni nchini Kenya waliielezea Machakos kuwa nchi iliyokwisha, na lawama yote wakaitupia mifugo ya Wakamba. Hawakuwa na hamu ya kutaja jinsi mipaka ya hifadhi za Waafrika ilivyowabana watu na ng'ombe wao huku malisho mapana yakigawiwa walowezi. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuwapokonya watu ng'ombe wao na kuuza ng'ombe hao kwa lazima kwa bei ya chini. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, hadi Nairobi kudai mifugo yao. Alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hilo halipingiki. Ila walioupa jina ndio waliochagua nani alipe.

Kwa sababu hiyo kisa cha Kondoa kinanipa shida kila nikikifikiria, na sitaki kukirahisisha. Mwaka 1973 Tanzania, ikisaidiwa na Sweden, ilianzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Yalichimbwa makingamaji, ikapandwa miti, yakajengwa matuta. Kwenye vilima vya Kondoa, vilevile vyenye michoro ya kale kwenye miamba ya Kolo, kazi hiyo haikufua dafu wakati mifugo ikiendelea kuzunguka. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika zaidi: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, makumi ya maelfu.

Ardhi ilipona, na ilipona haraka kuliko wengi walivyotarajia. Nyasi zilirudi, vichaka vikafuata, miti ikachipua kwenye visiki vya zamani bila kupandwa na mtu. Mito ya mchanga iliyokuwa ikipanuka kila masika ikaanza kutulia, na watu wakapata mashamba kwenye kingo zake zenye unyevu. Hayo ni mafanikio, na ayabezaye hajawahi kuona korongo likila shamba. Lakini hebu fikiria nyumba iliyoamka bila ng'ombe. Maziwa hakuna, samadi hakuna, maksai wa kulimia hakuna, mahari itatolewa na nini? Wengine walipeleka mifugo kwa ndugu nje ya eneo, wengine waliuza. Ilichukua takriban miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kufuga tena, ng'ombe wachache, wa kulishiwa zizini, na kazi ya kukata na kubeba majani ikaangukia kwa sehemu kubwa migongo ya wanawake.

Kuna kitu kingine Kondoa, ambacho kimenibadilisha fikra kuliko vyote. Watafiti walipopima umri wa tabaka za udongo uliosombwa kutoka kwenye vilima vile, walikuta kwamba mmomonyoko mkubwa wa kwanza ulitokea zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika kutoka ukavu kwenda mvua. Kisha kukawa na utulivu mrefu. Mmomonyoko ukarudi ndani ya miaka elfu moja hivi iliyopita, na huo unaambatana na watu kufyeka na kulima. Mteremko mmoja una namna zote mbili, ya juu imelala juu ya ya chini. Anayesema ni mifugo tu, na anayesema ni asili tu, wote wamesoma nusu ya ukuta wa korongo.

Basi swali la kuuliza mbele ya ardhi iliyochanika ni la kikazi: nini kilianza, lini, na bado kinaendelea? Kama ni Isimila au Nyari, jibu linatuambia tusipande mti wala kuziba kitu, tuwazuie tu wageni wasipande nguzo na kuchora majina yao. Udongo unaotoka pale ulikuwa unatoka kabla yetu. Kama ni korongo la kalavati, hakuna sababu ya kulistahi.

Nalo linatibiwa kuanzia juu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kukimbilia mdomo mpana wa chini, wanatupa mawe, matairi na takataka mahali ambapo maji yameshakuwa na nguvu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe uko kileleni. Kwanza maji yageuzwe kabla hayajafika kwenye kichwa cha korongo, yapelekwe kwenye majani yanakoweza kusambaa. Kisha ndani ya korongo vijengwe vizuizi vifupi vya mawe au fito, vingi, vinavyokaribiana, katikati vikiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite kati yasichimbe kingo. Kizuizi kimoja kirefu kikivunjika kinaleta balaa kuliko korongo lenyewe. Tope likijaa nyuma ya kizuizi, hapo ndipo pa kupanda majani. Mifugo isiingie mpaka yashike.

Kwenye mashamba ya kando, dawa ambayo vitabu vya hifadhi ya udongo duniani vinaiandika kwa jina la Kiswahili ni fanya juu. Unachimba mtaro kukingama mteremko, na udongo wake unautupa upande wa juu uwe tuta. Tuta linapandwa majani ya mifugo. Machakos, ileile iliyotangazwa kuwa imekwisha, ilivikwa matuta ya namna hii na wenyewe, vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vikizunguka shamba la huyu na la yule, kilima baada ya kilima. Kila mvua inasukuma udongo kidogo hadi kwenye tuta na kuuacha hapo, mkulima anaongeza tuta kimo, na baada ya misimu kadhaa shamba lililokuwa mteremko linakuwa ngazi.